Mabwawa yajaa, mifereji ingali mikavu: Nani anayeyamaliza maji ya Kenya?

ILIPOTANGAZWA Januari 2017 kwamba wakazi wa jiji la Nairobi wangeanza kupata maji kwa zamu, sababu iliyotolewa ilieleweka na kila mtu. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa haba, na maji katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, yalikuwa yamepungua mno. Wananchi walinunua matangi, wakapanga mitungi jikoni na kusubiri mbingu zifunguke.

Mbingu zilifunguka mwaka uliofuata. Masika ya 2018 yalibomoa madaraja, yakafurisha mito na kusababisha maafa katika sehemu nyingi za nchi, ikiwemo Solai, Kaunti ya Nakuru, ambako ukingo wa bwawa la shamba la kibinafsi ulipasuka mwezi Mei na kuua zaidi ya watu 40. Ndakaini lilichelewa kujaa, jambo lililozua maswali mengi jijini, lakini hatimaye likajaa. Hata hivyo, mgao wa maji haukuondolewa. Ratiba ya zamu iliyoanzishwa kama hatua ya dharura iligeuka kuwa desturi, na katika mitaa mingi familia zikazoea kukesha siku ya zamu yao zikisikiliza mfereji ukikohoa.

Hapo ndipo lilipo suala ambalo mijadala mingi kuhusu maji nchini huliruka. Kwa miaka na mikaka, upungufu wa maji umesimuliwa kama kisa cha mvua: ikinyesha tunashukuru, isiponyesha tunalia. Ukweli ni kwamba mvua hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka kama ilivyobadilika tangu jadi. Kilichobadilika pasipo kurudi nyuma ni mahitaji. Wanaotaka maji wameongezeka, wanachoyatakia kimebadilika, na aghalabu huyataka wakati uleule ambapo mito imenywea.

Hesabu ya Nairobi inatosha kuonyesha hali hiyo. Wakati mgao ulipoanza, mitambo ya jiji ilikuwa na uwezo wa kutoa takriban mita za ujazo 525,000 kwa siku. Mahitaji yalikadiriwa kuwa zaidi ya mita 800,000. Ndakaini, ambalo ujenzi wake ulikamilika 1994, lina uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70. Lau jiji lingetegemea bwawa hilo pekee, kwa kiwango cha mita 525,000 kwa siku na bila tone moja kuongezwa, maji yote yangekwisha katika siku 133. Kwa hivyo, hata bwawa likifurika pomoni, mfereji wa Embakasi au Kasarani hauna ahadi ya kutiririka kila siku. Mabomba na mitambo havikujengewa watu wengi kiasi hicho.

Na watu ni wengi kweli. Kenya ilipopata Uhuru 1963, ilikuwa na wakazi wasiofika milioni tisa. Sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 28.7, ile ya 2009 milioni 38.6, na ya 2019 milioni 47.6. Nairobi yenyewe ilitoka milioni 2.1 mwaka wa 1999 hadi milioni 4.4 mwaka wa 2019. Katika kipindi hicho, mito haikuzaa. Maji baridi yanayojirudisha kila mwaka nchini yamekadiriwa kuwa takriban mita za ujazo bilioni 20. Mpango wa maendeleo wa Ruwaza ya 2030, uliozinduliwa 2008, ulisema kila Mkenya alikuwa na mita 647 kwa mwaka. Wataalamu wa maji, wakifuata kipimo kilichopendekezwa na mwanahaidrolojia wa Uswidi Malin Falkenmark, huihesabu nchi kuwa na uhaba inapokuwa na chini ya mita 1,000 kwa kila mtu. Ukizigawa bilioni 20 hizo kwa idadi ya watu ya 2019, unapata kama mita 420.

Takwimu hii hunukuliwa sana katika hotuba na makongamano, lakini ina udanganyifu wake. Hakuna Mkenya anayepata wastani. Mkulima wa majani chai wa Kericho na mfugaji wa Turkana wamewekwa katika kapu moja, kisha wakagawiwa mto usiowahi kupita karibu na yeyote kati yao. Isitoshe, idadi ya watu ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni jinsi watu hao wanavyoishi.

Chukua mitaa ya Kilimani na Kileleshwa. Miongo mitatu iliyopita, nyumba moja ilisimama katikati ya uwanja wenye miti, ikiwa na familia moja. Leo katika kiwanja hichohicho limesimama jengo la orofa kumi au zaidi, lenye makumi ya familia, kila moja ikiwa na vyoo viwili au vitatu vya kuvuta kwa maji, mashine ya kufulia, na gari la kuoshwa Jumamosi. Mtu anayechota maji kisimani huko mashambani huijua thamani ya kila lita kwa mgongo wake. Anayefungua mfereji hajui ametumia kiasi gani hadi bili ifike. Uhamiaji kutoka mashambani hadi mjini hauongezi tu wakazi wa mji, bali humgeuza anayehama kuwa mtumiaji wa aina nyingine.

Wajenzi wa majengo hayo walielewa mapema kwamba bomba la jiji lisingewatosha, wakatafuta maji chini ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 visima vya mashine Nairobi vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Kufikia 2012 vilikadiriwa kuwa karibu 4,000. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kiwango cha maji chini ya jiji kimekuwa kikishuka kwa takriban mita sita kila mwongo tangu 1950, ilhali maeneo ya pembezoni yasiyochimbwa sana hayakuonyesha mshuko wa aina hiyo. Anayechimba leo huchimba chini zaidi ya jirani aliyemtangulia, na jirani huyo hulazimika kurudi na mtambo kuongeza kina. Maji yenyewe nayo, katika sehemu nyingi, yana floridi inayochafua meno ya watoto. Serikali ilipochimba visima zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda kuanzia 2020, wakazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini visima hivyo vinafyonza kutoka ghala lilelile.

Katika mitaa hiyo ya mabanda, bei ya maji ingestahili kuwa habari ya ukurasa wa kwanza kila juma. Mtungi wa lita 20 katika Kibera au Mathare huuzwa Sh5 mambo yakiwa mazuri. Maji yanapoadimika hufika Sh20 na zaidi. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Maana yake ni kwamba mkazi wa kibandani hulipa kati ya Sh250 na Sh1,000 kwa kiasi cha maji ambacho mwenye mfereji wa ndani, katika viwango vilivyotumika miaka ya 2010, alilipia chini ya Sh100 bila kuhesabu ada ya majitaka. Mwenye kipato kidogo ndiye anayenunua maji ghali zaidi. Ni yeye pia anayetumia kidogo zaidi, kwa hivyo lawama za "kuharibu maji" hazimhusu.

Mbali na bei, kuna maji yanayopotea. Kwa miaka mingi, ripoti za asasi inayosimamia huduma za maji nchini zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kutiwa katika mabomba hayaleti malipo yoyote. Baadhi huvuja ardhini kupitia mabomba makuukuu. Mengine hutumiwa kwa njia za mkato na walanguzi, na mengine hupita katika mita mbovu. Ukichukua asilimia 40 ya mita 525,000 za Nairobi unapata mita 210,000 kwa siku. Kiasi hicho kinafaa kukumbukwa unaposoma kuhusu mradi mkubwa zaidi wa maji ambao jiji limepata katika miaka ya hivi karibuni.

Mradi huo ni handaki la Murang'a lenye urefu wa kilomita 11.8, linalochukua maji kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati chini ya milima ya Nyandarua na kuyapeleka Ndakaini. Liliundwa kuliongezea jiji mita 140,000 kwa siku. Mnamo 2016 Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani wakati huo, alidai kwamba handaki hilo lingeigeuza sehemu ya Murang'a na maeneo yaliyo chini ya Mto Tana kuwa jangwa. Serikali na wahandisi walijibu kwamba yangechukuliwa maji ya mafuriko pekee, na kwamba mito ingeachiwa kiasi chake cha kawaida. Ujenzi uliendelea, na mradi ukazinduliwa 2022. Mwaka huohuo bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini pia lilikamilika, likiwa na uwezo wa kutoa mita 70,000 kwa siku kwa Gatundu, Ruiru, Juja na sehemu ya jiji.

Jumlisha yote hayo na bado hufikii mahitaji ya mita 800,000 yaliyotajwa mwaka wa 2017, sembuse yale ya leo. Linganisha pia mita 140,000 za handaki na 210,000 zinazopotea. Si kwamba handaki halikuhitajika. Ni kwamba kutoboa mlima huvutia mikopo na sherehe za uzinduzi, ilhali kubadilisha bomba bovu chini ya barabara ya Eastleigh hakumpi mwanasiasa yeyote utepe wa kukata.

Wakazi wa Murang'a nao wana hoja ambayo haijajibiwa ipasavyo. Aliyekuwa gavana wao, Mwangi wa Iria, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato yanayotokana na maji yanayouzwa Nairobi. Wengi walilichukulia dai hilo kama siasa, na bila shaka siasa ilikuwamo. Lakini Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kuna vijiji karibu na mabomba hayo makubwa ambavyo wakazi wake bado hubeba maji mgongoni. Miswada ya kugawana faida za rasilimali asilia imewasilishwa bungeni zaidi ya mara moja tangu 2014. Suala la nani hasa anamiliki mto unaozaliwa kwa jirani na kunywewa mjini bado halijapata jibu linalowaridhisha wote.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa jiji huwa hawalifikirii. Ndakaini lipo katika beseni la Mto Tana, ilhali Nairobi imekaa katika beseni la Mto Athi. Jiji huchota maji safi kutoka mto mmoja na kuyarejesha machafu katika mto mwingine. Mito ya Nairobi na Ngong huyabeba hadi Athi, yakapita Machakos na Makueni ambako mto huo hutumiwa kumwagilia mboga, yakaingia Galana na hatimaye Sabaki, karibu na Malindi. Ukingoni mwa Sabaki, huko Baricho, kuna visima vinavyotegemewa na Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa. Kwa hivyo, mahitaji ya mji mkuu hupunguza maji ya Tana na kuyachafua ya Athi kwa pigo moja, na bili ya uchafuzi huo haimfikii aliyevuta choo Kilimani.

Ukitoka Nairobi na kuteremka Bonde la Ufa, utakuta mahitaji ya aina nyingine kabisa, yasiyotoka kwa Mkenya. Katika Ziwa Naivasha, anayeyataka maji ni mnunuzi wa maua huko Uholanzi, Uingereza na Ujerumani, ingawa yeye mwenyewe hana habari. Watafiti Mesfin Mekonnen na Arjen Hoekstra walikadiria, katika kazi yao iliyochapishwa 2012, kwamba ua moja la waridi la Naivasha hutumia kati ya lita 7 na 13 za maji hadi linapokatwa. Msomi wa Uingereza Tony Allan ndiye aliyetoa wazo hilo la kuhesabu maji yaliyofichika ndani ya bidhaa, miaka ya 1990. Kwa kipimo hicho, kila Februari kabla ya Siku ya Wapendanao, ndege za mizigo zinazopaa kutoka Jomo Kenyatta huondoka na sehemu ya ziwa.

Athari kwa ziwa zilipimwa na watafiti wengine wawili, Robert Becht na David Harper, waliochapisha matokeo yao 2002. Walitengeneza hesabu ya jinsi kiwango cha ziwa kinavyotakiwa kupanda na kushuka kulingana na mvua, mito na joto la jua. Kuanzia 1932 hadi 1982 hesabu yao ilikubaliana na hali halisi kwa kiasi kikubwa. Baada ya 1982 mambo yalianza kupishana, na kufikia 1997 ziwa lilikuwa chini kwa mita tatu hadi nne kuliko lilivyopaswa kuwa. Kipindi hicho ndicho kilimo cha maua na mboga kiliposhika kasi ufuoni, na kiasi cha maji kilichochotwa kilitosha kuieleza tofauti hiyo. Ni nadra sana kupata ushahidi ulio wazi namna hiyo kuhusu athari za mahitaji.

Ukame wa 2009 uliposhusha ziwa hata zaidi, na samaki wengi wakafa Februari 2010, ilionekana kama hukumu ilikuwa imefika. Wenye mashamba, wavuvi, vyama vya watumiaji maji na mamlaka husika walikubaliana juu ya mpango wa kugawa maji kulingana na kiwango cha ziwa. Mashamba mengi yaligeukia umwagiliaji wa matone, yakaanza kuvuna maji ya mvua kutoka mapaa ya vivungulio na kuyatumia maji upya. Mashirika ya mazingira yalianzisha utaratibu wa kuwalipa wakulima wadogo wa juu ya Mto Malewa ili wapande nyasi na miti kwenye kingo.

Kisha ziwa likapanda. Kama maziwa mengine ya Bonde la Ufa, Naivasha ilianza kujaa baada ya 2010, na mwaka wa 2020 maji yaliingia katika mtaa wa Kihoto na kuwafukuza maelfu ya wakazi. Waliokuwa wametabiri kwamba ziwa lingekauka walionekana waongo. Lakini kujaa kwa ziwa hakufuti hesabu ya Becht na Harper, kwa sababu mvua nyingi inaweza kuficha uchotaji mwingi kama mshahara mnono unavyoficha ulevi. Hatari ni kwamba kiwango kikishuka tena, na maziwa haya yameshuka na kupanda tangu enzi za wazee wetu, mji wa Naivasha utakuwa mkubwa zaidi, mashamba yatakuwa mengi zaidi, na wote watakuwa wamezoea miaka ya neema. Tayari maji ya Turasha, kijito cha Malewa, hupelekwa hadi Gilgil na Nakuru kabla ya kulifikia ziwa.

Maua hulaumiwa sana kwa kuwa yanaonekana. Sahani ya wali hailaumiwi. Kizazi kimoja kilichopita, wali katika nyumba nyingi za bara ulikuwa chakula cha Krismasi na cha wageni. Leo ni mlo wa Jumanne jioni. Kilo moja ya mchele, kwa wastani wa dunia, huhitaji takriban lita 2,500 za maji. Kenya huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nchi kama Pakistan, India, Thailand na Tanzania, maana yake tunakula pia maji ya wengine. Uliosalia hutoka hasa Mwea, Kirinyaga, unakotegemea mito ya Thiba na Nyamindi. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa Oktoba 2022, lilijengwa ili kuwawezesha wakulima hao kupanda mara mbili kwa mwaka na kuongeza ekari. Ni habari njema kwa Mwea, lakini Thiba pia humimina maji yake katika Tana, na kila ekari inayoongezwa juu ina mtu wa Garissa au Garsen aliye chini yake.

Si kila mahitaji hupanda, ni vyema kukiri hivyo. Kwa miongo kadhaa Tana ilibebeshwa jukumu la kuwasha taa za nchi nzima kupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukame wa 1999 na 2000 uliiingiza nchi katika mgao mkali wa umeme, na Juni 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa kukosa maji. Tangu wakati huo, mvuke wa ardhini wa Olkaria umechukua nafasi ya kwanza na kutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme. Kwa nadharia, bwawa la Masinga lingeweza sasa kusimamiwa kwa kuwafikiria zaidi wakulima na wafugaji wa chini. (Hata mvuke huo una kiu yake: maji ya kuchimbia visima vya Olkaria hutoka Ziwa Naivasha.)

Mahali ambapo mabadiliko ya mahitaji yameuma zaidi, hata hivyo, pako mbali na kamera. Mto Ewaso Ng'iro Kaskazini huzaliwa katika Mlima Kenya na Nyandarua, hupita Laikipia, hukata Samburu na Isiolo, na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Mnamo 1960 sehemu ya juu ya beseni hilo ilikuwa na takriban watu 50,000. Kufikia 2000 walikadiriwa kuwa 500,000. Ranchi kubwa za ng'ombe ziliuzwa na kukatwa vipande. Wakulima wadogo kutoka Kirinyaga, Nyeri na Meru walinunua ekari mbili mbili na kuleta mazao ya nyanda zenye mvua katika nyanda kavu. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, yakaja mashamba ya maua, mishiri na njegere katika maeneo ya Timau na Nanyuki.

Ng'ombe wa ranchi hunywa mtoni na kwenda zake. Kitunguu na waridi havifanyi hivyo. Huhitaji maji kila siku, na huyahitaji zaidi Januari, Februari na Julai, wakati ambapo mto uko chini kabisa. Hapa ndipo takwimu za mwaka mzima zinapokosa maana. Kwa mwaka, Ewaso Ng'iro hubeba maji mengi, tena mafuriko ya Novemba husomba hata mifugo. Lakini mfugaji wa Archer's Post hawezi kumnywesha ngamia wake mafuriko ya Novemba mwezi wa Februari. Tangu miaka ya 1980 mto umekuwa ukikauka pale kwa majuma kadhaa katika miaka mibaya, jambo ambalo halikuwa la kawaida awali, na mfugaji hulazimika kuusukuma mji wake wa mifugo kuelekea juu, yaani kuelekea mashamba na ranchi za watu. Mapigano ambayo magazeti huyaita ya kikabila mara nyingi huanzia katika safari hiyo. Hali haikuwa tofauti sana katika Delta ya Tana, ambako uhasama kuhusu malisho na maji, ukichochewa na siasa, uligharimu maisha ya zaidi ya watu 100 kati ya 2012 na 2013.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Maji ya 2002 ilitenganisha usimamizi wa mito na biashara ya kuuza maji, ikavitambua vyama vya watumiaji maji ambavyo vilikuwa vimeanza kuota huko Laikipia wakazi wenyewe walipochoka kupigana. Kanuni za 2007 zilimtaka mwenye kumwagilia kuwa na hifadhi ya maji ya siku 90, ili achote wakati wa mafuriko na kuuacha mto wakati wa kiangazi. Zilimtoza pia ada ya kati ya senti 50 na senti 75 kwa kila mita ya ujazo. Sheria mpya ya 2016 iliiacha misingi hiyo palepale.

Msomaji anaweza kuziweka bei hizo mbili kando kwa kando. Chini ya kanuni za 2007, mita moja ya maji ya mto ilimgharimu mwenye shamba la kuuza nje senti 50. Mita hiyohiyo ilimgharimu mama wa Mathare Sh250 siku ya bei nafuu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni gharama halali za kusafisha na kusafirisha, lakini si yote, na bei ya senti 50 haiwezi kumfanya mtu yeyote afikirie mara mbili kabla ya kuwasha pampu. Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilimo ndicho kinachochukua takriban asilimia 80 ya maji yote yanayochotwa nchini. Kumhimiza mkazi wa mjini afunge mfereji anapopiga mswaki ni jambo zuri, ila hesabu kubwa haiko bafuni.

Sharti la siku 90 nalo limetekelezwa nusunusu. Mashamba makubwa yalichimba mabwawa, kwa sababu yana mtaji na kwa sababu wanunuzi wao wa Ulaya huwatuma wakaguzi. Mkulima wa ekari mbili hana pa kuchimba bwawa wala pesa za kulizibia lisivuje. Ana pampu ndogo ya petroli na bomba la plastiki analoliingiza mtoni usiku. Mmoja hana madhara, lakini wapo mamia kwa mamia, na wengi wao hawana vibali. Maafisa wa mamlaka ya maji ni wachache, magari yao ni machache zaidi, na chifu anayejua kila pampu iliko ni jirani wa wenye pampu hizo.

Kinachofanya kazi kwa sasa, pale kinapofanya, ni vyama vyenyewe. Kiangazi kinapokolea, wajumbe kutoka vijiji vya chini hupanda hadi vya juu kukaa kikao, na hukubaliana kuhusu siku za kufunga milango ya mifereji ili mto upite. Mashamba makubwa huwa wanachama pia, na mara nyingi ndiyo yanayogharimia mafuta ya gari la kukagua mto. Ni mpango uliosimama juu ya nia njema, daftari la mahudhurio na uwezo wa mwenyekiti wa kushawishi. Hauna mita kwenye kila bomba, na usipokuwa na mita hujui nani amechukua nini. Siku milango inapofungwa kule Timau, maji huchukua siku kadhaa kabla ya kuonekana Archer's Post, na mwenye pampu aliye katikati anaijua ratiba hiyo vizuri kuliko mfugaji anayesubiri.